Punje ya Choroko

Saa tisa usiku naamka kwenda msalani,
napapasa ukuta wa sebule, nakanyaga
gari la plastiki la Shomvi,
naguna: mtoto huyu hana adabu!
naguna kwa swichi iliyowekwa mbali,
naguna kwa joto la Tabata lisilojua usiku.

Kisha nachuchumaa, na yanatoka.
Yanatoka tu.
Bila sindano, bila foleni, bila risiti.

Siku kumi na moja nililala Muhimbili
na jiwe dogo, dogo kama punje ya choroko,
limeketi njiani kama askari wa kizuizi.
Mimi, msimamizi wa ghala Kariakoo,
mwenye sauti ya kusimamisha makuli kumi,
nililia mbele ya wauguzi kwa ajili ya mkojo.

Kitanda cha pili alikuwa fundi Mkomwa,
mtengeneza makabati wa Keko,
figo zake zote mbili zimefunga duka.
Mara tatu kwa juma walimuunganisha na mashine,
damu yake ikatoka kutembea, ikarudi.
Hakuniuliza habari za mpira.
Kila asubuhi, akiniona na kikopo cha kipimo,
aliuliza, "Umepata ngapi leo?"
"Mililita hamsini."
Naye, kwa midomo iliyopauka: "Alhamdulillahi,"
akishukuru neema isiyokuwa yake.

Nami nikashika chuma cha kitanda, nikaahidi:
Mola, nitoe hapa, sitanuna tena.
Kila tone, nitalitaja.

Jiwe lilitoka Ijumaa, likagonga beseni: ting!
Mwantumu akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.
Tulichinja kuku wawili, nikasali rakaa mbili.
Mbili, nazikumbuka, maana hazikupata wenzao.

Juma la tatu nilikuwa nimepona kabisa:
nikalitukana bando lililokatika kabla ya penalti,
nikaiona simu ya shemeji, yangu ikachakaa papo hapo.
Halafu picha ya Mwinyimvua, tuliyesoma naye Chang'ombe,
ameegemea gari jeupe, nyuma yake nyumba ya Mbweni,
na mimi nikalala bila kula.
Wali ulikuwepo. Changu wa nazi alikuwepo.
Mke aliyelalia benchi la hospitali siku kumi na moja
alikuwepo, ameshika bakuli la kunawia, ananingoja.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke.
Lakini punda ana udhuru, yeye hubebeshwa.
Mimi nilituliwa mzigo,
nikapiga teke lilelile.

Kabla ya masika nilipita Keko kutafuta kabati.
"Fundi Mkomwa?" Kijana akaweka randa chini.
"Tumeshamzika, mjomba. Arobaini yake imepita."
Pembeni lilisimama la mwisho alilolianza,
halina mlango, alama ya penseli ingali
pale bawaba zilipotakiwa kukaa.
Nililipa bei aliyoitaja, sikupatana.
Mwantumu hulilalamikia hadi leo:
kabati gani hili, kila kitu hutoka chenyewe?
Ndimo lilimotoka, usiku huu, gari la Shomvi.

Jina Lake halitajwi chooni.
Basi natawadha, natoka, naketi sakafuni
mbele ya kabati lisilo na mlango.
Alhamdulillahi kwa haya yaliyotoka.
Hiyo ni rahisi, ni yangu.
Najaribu ile ya Mkomwa.
Namshukuria Mwantumu usingizi wake. Inapita.
Namshukuria jirani mpangaji, kikohozi chake kimetulia. Inapita.
Namshukuria Mwinyimvua gari lake je—

Hapo neno linafika kooni na kukaa,
dogo, gumu,
kama punje ya choroko.

Najaribu tena. Jasho linanitoka.
Mwantumu, anayedhani ningali msalani, anaita gizani,
sauti yake imejaa hofu ya mwaka jana:
"Baba Shomvi! Umekwama tena?"

"Kidogo," namjibu.
"Kidogo tu."